Kibali cha kuwinda wanyama wakubwa: Kenya hakuna, Tanzania kipo, na haya ndo masharti yake

Nianze na jibu kabisa ndo wenye haraka waende zao. Kenya hakuna kibali cha kuwinda ndovu, simba, nyati, chui wala mnyama yeyote mkubwa kwa ajili ya mchezo ama nyara. Si cha raia, si cha mgeni, si cha milionea, si cha mtu anayemjua waziri. Uwindaji wa aina hiyo ulipigwa marufuku mwezi wa tano mwaka 1977 na mpaka leo haujafunguliwa, kwa hivyo mtu yeyote hapa Mombasa anayekwambia anaweza kukutolea kibali, anataka pesa yako tu.

Naandika haya manake hii kazi yangu ya kupanga safari za watalii imenifanya niulizwe hili swali na kila aina ya watu, wageni wa mahoteli ya Nyali na Diani, vijana wa beach wanaotafuta riziki na wamesikia kuna mzungu anataka kupiga nyati, hata jamaa zangu wa damu ambao wanadhani kwa sababu naingia Tsavo kila mara basi huko ndani kuna dirisha la kulipia. Na majibu wanayopewa mtaani ni hatari, mtu anaweza kupoteza pesa na akalala ndani pia.

Kuna mgeni mmoja alinitumia picha ya karatasi aliyouziwa, akaniuliza kama ni halali. Ilikuwa nzuri kwa macho wallahi. Ngao ya serikali juu, muhuri wa bluu umekaa kombo kidogo vile mihuri ya ofisi hukaa, sahihi mbili, jina lake limeandikwa sawasawa na namba ya pasipoti, halafu chini orodha ya wanyama na bei ya kila mmoja kwa dola. Kilichoiumbua ni mstari mmoja mdogo uliosema kibali kimetolewa chini ya sheria ya wanyamapori ya 1976. Hiyo ni sheria ya zamani, ilishafutwa, na iliyochukua nafasi yake ni ile ya 2013 iliyoanza kazi Januari 2014. Yani aliyetengeneza ile karatasi alinakili mahali pa zamani bila kujua. Na pesa ya kubuking wanyama ilitakiwa itumwe kwa M-Pesa ya namba ya mtu binafsi. Nilimwambia mgeni asitume hata senti, akashukuru, lakini najua wako ambao walituma kabla ya kuuliza.

Sasa mtu atasema mbona basi wazee wanasimulia habari za uwindaji, mbona kuna mapicha ya wazungu wameegemea ndovu? Ni kweli, ilikuwako, na Mombasa ndo ilikuwa mlango wake. Mwezi wa nne 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka na meli hapa hapa Mombasa na mwanawe Kermit, wakapanda treni ya Uganda kwenda bara, na kufika mwisho wa safari baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Yote hayo kwa leseni. Serikali ya kikoloni ilikuwa na leseni za madaraja, ya mgeni wa kuja kuwinda ilikuwa pauni 50 ambazo wakati huo zilikuwa pesa nzito sana, ya mlowezi ilikuwa rahisi zaidi, na kila leseni imeandikwa wanyama gani na wangapi.

Na Mwafrika je? Hapa ndo mimi hukasirika, na sioni haya kusema. Huku nyuma yetu, kuanzia bara la Kilifi kupanda Galana mpaka Tsavo, waliishi Wawaata, wengine huwaita Waliangulu ama Wasanye, watu ambao kuwinda ndovu ndo ilikuwa maisha yao. Upinde wao ulikuwa mgumu kuvuta kiasi kwamba mtu mzima mwenye nguvu ambaye hajazoea alikuwa hawezi kuufikisha, na mshale ulipakwa sumu inayochemshwa kutoka kwenye magome na mizizi ya mti. Ndovu mmoja alilisha jamaa nzima. Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa 1948, ile ardhi waliyokuwa wanawinda ikawa ndani ya mpaka, na katikati ya miaka ya hamsini ikaja operesheni kubwa ya kukomesha ujangili, wakashikwa, wakafungwa, wazee kwa vijana. Aliyekuwa na bunduki na karatasi ya pauni 50 aliitwa mwindaji, aliyekuwa na upinde wa babu yake akaitwa jangili. Mwaka 1960 serikali ilianzisha mpango wa Galana ambao ulitaka kuwaajiri Wawaata wavune ndovu kwa utaratibu nje ya hifadhi, wazo zuri kwa kweli, lakini halikusimama, baadaye ile ardhi ikawa ranchi ya ng'ombe.

Kwa hivyo ninapozungumza habari ya kibali nazungumza kitu ambacho tangu siku ya kwanza swali lake lilikuwa nani amepewa na nani amenyimwa, na nani anakula faida. Ukiliweka hilo kichwani utaelewa mengine yote.

Baada ya uhuru uwindaji uliendelea. Nchi iligawanywa vitalu, mwenye leseni anabuku kitalu chake kwa muda fulani, analipa leseni ya jumla halafu analipa tena kwa kila mnyama mkubwa, na mgeni lazima aongozane na mwindaji bingwa aliyesajiliwa. Masharti yenyewe hayakuwa mabaya. Hupigi ukiwa ndani ya gari wala karibu na gari, hupigi usiku, hupigi mama mwenye mtoto, na kwa wanyama hatari huruhusiwi bunduki ndogo, lazima iwe na risasi ya kuangusha siyo ya kujeruhi. Wazee waliofanya kazi ya kubeba mizigo na kufuata nyayo wanasema mwindaji bingwa aliyeheshimu kazi yake alikuwa anakataa kabisa mteja apige mnyama ambaye hajafaa.

Tatizo likawa pembe. Bei ilipanda miaka ya sabini, vibali vya kumiliki pembe vikatolewa kwa wakubwa, pembe za wizi zikawa zinapita na makaratasi yaliyokaa sawa kabisa, na bandari yetu ya Kilindini ndo ilikuwa njia. Kuwinda ndovu kukasimamishwa 1973, halafu 1977 uwindaji wote, halafu 1978 biashara ya nyara ikafungwa, zile duka za kuuza ngozi za punda milia na bangili za pembe na vinyago vya pembe kwa watalii zikafunga milango. Na bado ndovu waliendelea kuuawa. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu kama 167,000, kufikia 1989 wamebaki kama 16,000. Hapo ndo Rais Moi akachoma tani 12 za pembe mwezi wa saba 1989, na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ikaundwa. Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280. Wameongezeka, lakini jiulize hizo laki na zaidi zilienda wapi, na wangapi kati yao walipita hapa kwetu kwenye makasha wakiwa wameandikwa kitu kingine.

Mimi nikipita Mapembeni pale Moi Avenue, zile pembe nne kubwa za aluminiamu za enzi za ukoloni, watalii wanapiga picha, huwa nawaambia hii habari yote, hata kama guide mwenzangu ananiona naharibu starehe.

Haya, turudi kwa kibali. Sheria ya Kenya ya 2013 inakataza uwindaji wa mchezo kabisa, na ilipoanza iliandika faini isiyopungua milioni 20 ama kifungo cha maisha kwa makosa ya wanyama walio hatarini kutoweka, baadaye vifungu vingine vimerekebishwa lakini ukali haujaondoka. Kukutwa na nyara ya kawaida bila kibali iliandikiwa faini isiyopungua milioni moja ama miaka mitano. Hata yule wa kuwinda digidigi wa kitoweo iliandikwa faini isiyopungua elfu 30 ama miezi sita, na akiwa anauza nyama ni laki mbili ama mwaka. Kuna leseni ambazo KWS hutoa, za kufuga mamba na mbuni kwa mfano, wale mamba mnaowaona kwenye mashamba ya huku pwani wanafugwa kwa leseni, na kuna vibali vya utafiti na vya kukamata wanyama hai kuwahamisha. Hakuna hata kimoja kinachokuruhusu wewe na bunduki yako mwende mkapige.

Anayetaka kuwinda kihalali na yuko Mombasa, nchi ya karibu ni Tanzania, unavuka Lunga Lunga unaingia Horohoro. Sheria yao ni ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009, na msimamizi ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ambayo inashughulika na mapori ya akiba na mapori tengefu. Ndani ya hifadhi za taifa kama Serengeti ama Mkomazi hakuna kuwinda hata kidogo, hilo watu wengi huchanganya. Wenyewe kule wana mlango wa wenyeji na mlango wa watalii. Mkenya ambaye si mkazi wa Tanzania, hata kama shangazi yake yuko Tanga, anahesabika mgeni, na mgeni huingia kwa mlango wa watalii.

Mlango huo uko hivi. Huendi ofisini kuomba mwenyewe. Lazima upitie kampuni iliyopewa kitalu, na vitalu tangu 2019 vinagawiwa kwa mnada wa mtandaoni. Kila kitalu kina mgao wake wa mwaka, nyati wangapi, palahala (swala mkubwa mweusi) wangapi, chui wangapi, na mgao ukiisha umeisha, pesa yako haiongezi mnyama. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 31 Machi, miezi ya mvua kubwa watu wanakaa nje. Muda wa kibali ni wa siku maalum, na wanyama wanaopatikana hutegemea umelipia siku ngapi, mtu wa siku chache hatapewa simba, simba na ndovu ni za mtu aliyelipia siku nyingi. Bunduki yako inaingia kwa kibali cha muda kutoka polisi, ikiwa na namba yake na idadi ya risasi, na bunduki ya otomatiki haikubaliwi.

Ukishaingia porini huendi peke yako. Kuna mwindaji bingwa mwenye leseni, na kuna askari wa wanyamapori wa serikali anayeandika kila kitu, saa, mahali, mnyama gani, jinsia gani. Kupiga kutoka ndani ya gari ni kosa, lazima ushuke na usogee mbali nalo, mita 200. Usiku ni marufuku. Simba lazima awe dume mwenye umri, miaka sita kwenda juu, na akishapigwa wanakagua meno na fuvu kuthibitisha, akionekana mdogo kampuni inapata adhabu. Chui dume tu. Ndovu lazima pembe zake zifike kilo 20 ama urefu wa sentimita 160. Na kitu ambacho wateja wengi hawajui mpaka waone bili, mnyama uliyemjeruhi akakimbia anahesabika umemuua, unamlipia kamili, na lazima mwende mumfuate. Mimi hilo sharti nalipenda kuliko yote. Mtu akijua risasi mbaya inamgharimu sawa na risasi nzuri basi atakaa atulie kabla ya kuvuta.

Pesa sasa. Kuna ada ya kibali, ada ya kila siku ya uhifadhi, ada ya nyara kwa kila mnyama, ada ya mtu asiyewinda mliyefuatana naye, ada ya kushughulikia nyara, halafu juu ya hizo zote kampuni inaweka yake, ambayo ndo kubwa. Kwa hivyo ukiona mtu anakuuzia uwindaji wa simba kwa bei ya safari ya kawaida ya wikendi, kimbia.

Halafu kuna habari ya kutoa nyara nje, na hapa watu ndo hukwama. Kibali cha kuua si kibali cha kusafirisha. Unahitaji hati ya nyara, cheti cha daktari wa mifugo kwamba ngozi na fuvu zimetibiwa, kibali cha CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) cha nchi unayotoka na kwa wanyama wa daraja la kwanza kama chui na ndovu wa Tanzania unahitaji pia kibali cha nchi unayokwenda, kabla ya mzigo kuondoka. Nchi unayokwenda inaweza kukataa. Marekani ilisimamisha kuingiza nyara za ndovu kutoka Tanzania na Zimbabwe 2014, na baada ya simba Cecil kuuawa Zimbabwe mwezi wa saba 2015 na dunia nzima kupiga kelele, mwisho wa mwaka huo huo wakamuweka simba kwenye orodha yao ya wanaolindwa. Na tafadhali, mtu asikushauri upitishe nyara yako ya Tanzania hapa Mombasa kwa sababu meli ni rahisi. Ukivuka nayo mpaka bila kibali cha Kenya wewe tayari uko na nyara Kenya, na hiyo risiti yako ya kule haikusaidii. Mwezi wa sita 2014 zilikamatwa zaidi ya tani mbili za pembe kwenye ghala moja la Tudor, na tangu hapo Kilindini imeangaliwa kwa macho mengine.

Kuna mnyama mmoja ambaye anaonyesha hii tofauti ya nchi mbili vizuri sana, ni palahala. Kenya nzima palahala wako Shimba Hills peke yake, hapo juu ya Kwale, ukisimama mahali pazuri asubuhi unawaona, dume mweusi ti na pembe zimerudi nyuma kama jambia, na chini unaona bahari. Ni wachache sana na kumgusa mmoja ni jela. Ukivuka Tanzania palahala ni mnyama wa mgao wa kawaida, ana bei yake kwenye orodha. Sheria zote mbili zina akili kwa mahali pake, kule wako wengi huku wako wachache.

Kwa ndovu wa Amboseli lakini siwezi kusema hivyo. Kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 madume wenye pembe kubwa, wale wa aina iliyobaki michache sana Afrika, walipigwa upande wa Enduimet Tanzania wakiwa na makaratasi yote. Tangu katikati ya miaka ya tisini kulikuwa na maelewano kwamba ndovu wa pale mpakani hawapigwi, maelewano hayo yakavunjika. Dume aliyesomwa na watafiti miaka na miaka, akiwa upande huu kumpiga ni kifungo, akitembea kilomita chache ni nyara halali mradi pembe zimefika kilo 20, na sharti lenyewe linachagua mwenye pembe kubwa, yani lile linalomfanya awe wa thamani akiwa hai ndo linalompa ruhusa mtu kumuua. Mgao unaweza kuwa mdogo na bado ukaharibu, ukiwa unachukua wale wale. Nadhani serikali hizi mbili zinafaa ziandike yale maelewano yawe sheria, siyo maneno ya kuaminiana.

Na mtu asije akafikiri mimi naona Kenya imemaliza kazi kwa kukataza tu. Muulize mtu wa Taveta ama Kinango ama Tana River. Mahindi yamefika kifuani, ndovu wanaingia usiku mmoja wanayamaliza, mwenye shamba haruhusiwi kuwapiga na mimi sitaki awapige, lakini sheria hiyo hiyo ya 2013 iliahidi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, milioni tatu kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na malipo ya mazao, na hizo pesa huchelewa miaka. Wale wanaotaka uwindaji urudi Kenya hoja yao kubwa ni hiyo, kwamba mnyama asiyelipa hatalindwa na anayeishi naye. Hoja ina uzito. Ila mimi nimeona Mwaluganje kule Kwale, wakulima walitoa mashamba yao yakawa ya ndovu tangu miaka ya tisini na wakawa wanagawana mapato ya kiingilio, bila habari ya kuwinda. Mapato yakipungua watu wananung'unika, ni haki yao, lakini njia iko. Kulipa fidia kwa wakati ni rahisi kuliko kufungua vitalu upya na kurudi kwenye yale makaratasi ya miaka ya sabini.

Mwisho, kwa wenzangu wa Mji wa Kale na Makadara na kwengineko mlio na vitu vya marehemu babu ndani ya sanduku, bangili ya pembe, mkia wa ndovu, ngozi ya chui aliyopewa zamani, jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru. Hata kama ni urithi, hata kama kilikuweko kabla ya 1977, bila kibali unahesabika umeshika nyara. Usikiuze, usikipige picha ukaweka mtandaoni kutafuta mnunuzi, manake mara nyingi mnunuzi anayejibu haraka ni afisa. Nenda ofisi ya KWS ukiwa na kitambulisho, ueleze kimetoka wapi, na kama kuna karatasi yoyote ya zamani, hata leseni iliyochakaa, ibebe. Usikibebe chenyewe mfukoni siku ya kwanza ukakutana na msako njiani Nyali Bridge, nenda kwanza uulize, wakwambie wakifuate ama ukilete vipi.